Maandiko ya Profesa McKee juu ya Nyota, Yakisomwa kwa Kiswahili

Yamkini msomaji wa jarida hili atashangaa kukuta humu uhakiki wa maandiko ya mtaalamu wa falaki. Mazoea ya kurasa hizi ni tenzi, lahaja, kamusi na sarufi, wala sidhani kwamba wasomaji wamechoshwa na hayo. Lakini jambo moja limenisukuma. Maneno ya Kiswahili ya elimu ya nyota yanaundwa sasa hivi, mengine katika vitabu vya shule, mengine katika magazeti na redio, na mengi yanaundwa na watu waliosoma orodha ya istilahi za Kiingereza bila kuyasoma maandiko ambamo istilahi hizo hufanya kazi. Neno likitolewa ndani ya sentensi zake na kutafsiriwa peke yake, hutufikia pamoja na makosa yake ya zamani, na makosa yakisha kuingia kamusini ni taabu kuyatoa. Basi nimeona yafaa kuyachukua maandiko ya mtaalamu mmoja, kuyasoma kwa utaratibu kama tusomavyo diwani ya mshairi mmoja, na kuuliza: mtu huyu asema nini hasa, na Kiswahili kitasemaje?

Niliyemchagua ni Christopher F. McKee, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa fizikia na falaki katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani. Nimemchagua kwa kuwa kazi yake yashika ncha mbili za uzi mmoja: jinsi nyota ilipukapo inavyoitenda gesi iliyoizunguka, na jinsi gesi hiyo inavyogeuka kuwa nyota nyingine. Maandiko yake ni mengi, na mengi ameyaandika pamoja na wenzake. Hapa nitashughulika hasa na yale ya 1974, 1977, 1989, 2005 na 2010, na kuyagusa mengine kwa kupita tu. Hesabu zake siwezi kuzihukumu, nami sitajifanya kwamba naweza. Naihukumu hoja, na lugha iichukuayo.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Katika Novemba 1572 Tycho Brahe wa Denmark aliona nyota mahali ambapo hapakuwa na nyota, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kwa Kilatini akiita nyota hiyo mpya. Kutoka hapo neno la Kilatini lenye maana ya «mpya» likabaki kuwa jina la kila nyota ing'aayo ghafula. Walter Baade na Fritz Zwicky walipotambua, katika taarifa zao za mwaka 1934, kwamba baadhi ya nyota hizo hung'aa kupita nyingine zote kwa kiasi kisichokadirika, waliongeza kiambishi tu mbele ya neno lile lile: mpya-kuu. Katika taarifa hizo hizo walikisia kwamba nyota ya namna hiyo ni nyota ya kawaida inayogeuka kuwa kitu kidogo kizito mno, kilichojaa neutroni. Yaani walijua kwamba watazama mwisho wa nyota, nao wakaendelea kuuita upya. Kwa Mzungu kosa hilo si kitu, maana Kilatini chake kimekwisha kufa na hakuna asikiaye «mpya» ndani ya jina. Lakini mwenzetu akiandika «nyota mpya kuu», kama nilivyoona kwa wanafunzi, Kiswahili kingali hai na kila mtoto asikia alichoambiwa: nyota imezaliwa. Ameambiwa kinyume cha ukweli.

Watu wa mashariki hawakuteleza hivyo. Ali ibn Ridwan, tabibu wa Misri, aliyeiona nyota ya mwaka 1006 akiwa kijana, aliiita nayzak, neno ambalo asili yake ni mkuki mfupi, na ambalo Waarabu walilitumia kwa vitu vya ghafula mbinguni. Wachina walioiona ile ya mwaka 1054, iliyoonekana hata mchana kwa siku 23, waliiita nyota mgeni. Jina hili laniridhisha sana. Mgeni huja, hukaa, huondoka; halisemi chochote juu ya umri wake wala atokako. Kwa habari za kale, basi, ambako mwandishi asimulia kilichoonekana kwa macho, napendekeza tuseme «nyota mgeni». Kwa kitu chenyewe jinsi wataalamu wakijuavyo leo, tukope tu: supanova. Neno la kukopa lina fadhila moja isiyosifiwa ya kutosha, nayo ni kwamba halidanganyi.

Kitenzi ni jambo gumu kuliko jina. Sote twasema nyota «hulipuka», na kitenzi hicho kina umbo tulijualo: -uk- upande wa lisilotendwa na mtu, -u- upande wa litendwalo, lipuka na lipua, pasuka na pasua, fumuka na fumua. Ni umbo zuri kwa shughuli hii, kwa kuwa halidai mtendaji. Lakini lasema mapema mno kilichotokea. Nyota kubwa, yenye uzito wa kupita jua letu mara nane hivi au zaidi, hailipuki kwanza. Huporomoka kwanza. Kitovu chake cha chuma, kisichoweza tena kutoa joto la kukishikilia, huanguka juu ya nafsi yake katika muda usiotimia sekunde moja mpaka kuwa tufe la kilometa ishirini hivi, na nguvu ya anguko hilo ndiyo itupayo nje tabaka zilizobaki. Sehemu 99 katika 100 za nguvu hiyo huondoka na neutrino, chembe zisizoonekana. Sehemu 1 tu ndiyo isukumayo gesi, na mwanga tunaoushangaa ni mia moja ya hiyo 1. Hili halikuwa nadharia tupu tena baada ya tarehe 23 Februari 1987, mitambo iliyofukiwa ardhini huko Japani, Marekani na Urusi iliponasa neutrino kama 25 kutoka nyota iliyoporomoka katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka-nuru kama 168,000. Basi kwa nyota hizi kisa kizima ni kuporomoka, na mlipuko ni kishindo chake.

Iko supanova ya pili, ambayo haiporomoki kabisa. Nyota kibete nyeupe, iliyo na mwenzi wa karibu, hupokea gesi ya mwenziwe au huungana naye, mpaka kaboni iliyomo hushika moto na nyota yote huungua pasibaki kitu. Wazungu huzitofautisha aina hizi kwa tarakimu na herufi zilizotokana na rangi za mwanga wake, mpango ambao hata wenyewe huukiri kuwa ni wa kihistoria. Sisi hatulazimiki kuurithi. Tuna «kuporomoka» na tuna «kuteketea», na kitenzi cha pili, kwa kuwa maana yake ni kuungua mpaka kwisha, chasema peke yake kwamba halibaki kaburi. Supanova ya kuporomoka, supanova ya kuteketea: mwanafunzi akisikia majina haya amekwisha kusoma nusu ya somo.

Kwa McKee tofauti hiyo si kubwa, na hapa ndipo tunapoanza kuona tabia ya akili yake. Yeye hauulizi sana mlipuko umetokana na nini. Humtosha kujua kwamba kila mmoja huitia gesi nguvu ya mwendo inayokaribia kulingana na mwanga wote utakaotolewa na jua letu katika maisha yake ya miaka bilioni 10. Kisha huuliza: nguvu hii yaenda wapi?

Makala ya mwaka 1974 ni fupi na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nyota ikitupa tabaka zake nje kwa kasi ya maelfu ya kilometa kwa sekunde, gesi iliyotupwa hukusanya mbele yake gesi ya nje na kuisukuma. Hilo ni wimbi la kwanza, na lilijulikana. McKee alionyesha kwamba kwa kuwa gesi ya nje nayo hupinga, lazima lizaliwe wimbi la pili litakalopita katika gesi iliyotupwa, likielekea ndani na kuichoma mpaka itoe miali ya eksirei. Istilahi ya Kiingereza kwa wimbi hili ni «wimbi la kinyume», na wako walioliita kwa Kiswahili «wimbi la kurudi». Jina hilo lapotosha. Mtu akaaye pwani asikiapo «wimbi la kurudi» huona maji yakitoka ufuoni na kurejea baharini. Lakini wimbi la McKee, katika miaka yake ya mwanzo, halirudi popote. Laenda nje pamoja na vyote vingine. Ni kama mtu atembeaye kuelekea nyuma ndani ya gari la moshi liendalo mbele kwa kasi: kwa abiria arudi nyuma, kwa aliyesimama stesheni aenda mbele. Baadaye tu, mlipuko ukisha kupungua kasi, ndipo wimbi hili hugeuka kweli na kuuelekea mtima. McKee mwenyewe alikuwa mwangalifu. Katika kichwa cha makala yake alisema kwamba wimbi lasafiri kuelekea ndani, na maana ya «ndani» huijua asomaye hesabu zake. Napendekeza «wimbi la ndani» dhidi ya «wimbi la nje». Si majina ya fahari, ila hayamtumi msomaji ufuoni.

Makala ya 1977, aliyoiandika na Jeremiah Ostriker, ndiyo iliyompa sifa, na yastahili kukaliwa. Kabla yake gesi iliyo baina ya nyota ilielezwa kuwa na hali mbili, baridi na vuguvugu, kwa nadharia ya Field, Goldsmith na Habing ya 1969. Mwaka 1974 Cox na Smith walionyesha kwamba mashimo ya moto yaachwayo na supanova hayawahi kufukiwa kabla ya mengine kuyakuta, na hivyo huungana kuwa mahandaki. McKee na Ostriker wakalifikisha jambo hili mwisho wake. Walisema gesi ya moto si mahandaki ndani ya gesi nyingine. Yenyewe ndiyo bahari, ikijaza sehemu saba au nane katika kumi za nafasi yote, na yote mengine ni visiwa. Bahari hiyo ina nyuzi kama 450,000 za joto na atomu kama 3 tu katika lita nzima. Visiwa vina mioyo ya baridi ya nyuzi kama 80, yenye atomu kama 40,000 kwa lita, na kila moyo umevikwa koti la gesi vuguvugu ya nyuzi 8,000. Msomaji akizidisha wingi wa atomu kwa joto ataona kwamba hesabu za bahari na za kisiwa hazitofautiani sana. Ndiyo kusema zasukumana kwa nguvu zilizokaribiana, na ndiyo maana hakuna imezayo mwenzake.

Uzuri wa makala haya kama insha ni kwamba yajifunga yenyewe. Nguvu iletwayo na supanova yalinganishwa na nguvu ipoteayo kwa mwanga; gesi ivukizwayo kutoka visiwani yalinganishwa na gesi ikusanywayo tena kuwa visiwa. Mwandishi hajichagulii joto la bahari yake. Laja lenyewe kutoka katika mizani. Na kila alipodhania kitu alisema kwamba amedhania, jambo ambalo natamani wanaisimu wengi zaidi wangeliiga, hasa wale wa nadharia za sarufi ambao huwa hatujui kanuni yao imepatikana kwa ushahidi au kwa mapenzi.

Hata hivyo mojawapo ya dhana hizo ndiyo iliyomponza. Alidhania kwamba supanova hutokea popote na wakati wowote, bila kujuana, mfano wa matone ya mvua. Sivyo. Nyota kubwa huishi miaka michache tu, milioni chache, na hufa karibu na mahali zilipotokea. Na kwa kuwa hutokea kwa makundi, hulipuka kwa makundi. Milipuko makumi kwa makumi mahali pamoja hufanya puto moja kubwa linaloweza hata kutoboa bapa la galaksi na kumwaga gesi ya moto juu yake, na nguvu hiyo huipotea bahari. Kasoro ya pili ilitoka kwa wapimaji. Nadharia ilitarajia gesi vuguvugu isiyo na umeme iwe sehemu ndogo tu ya haidrojeni. Lakini Heiles na Troland, kwa darubini ya redio ya Arecibo, walitangaza mwaka 2003 kwamba ni zaidi ya nusu. Cox naye, mwaka 2005, aliirejea picha yote ya hali tatu na kuikosoa kwa urefu. Ningesema hivi: nadharia ile imekosea kiasi, haikukosea swali. Mpaka leo kila aandikaye juu ya gesi hiyo huanza kwa kusema alipokubaliana na makala ya 1977 na alipoachana nayo. Si makala nyingi za fani yetu wenyewe zinazoweza kudai hayo baada ya miaka arubaini na zaidi.

Sasa nafika kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Katika kichwa cha makala ya 1977 gesi inasemwa kuwa «imewekewa kiasi» na milipuko ya supanova. Katika kichwa cha 1989, kutokea kwa nyota «kumewekewa kiasi» na mwanga uvunjao atomu. Katika kichwa cha 2005, alichoandika na mwanafunzi wake wa zamani Mark Krumholz, «kumewekewa kiasi» na msukosuko wa gesi. Na mwaka 2010, pamoja na Eve Ostriker na Adam Leroy, neno ni lile lile, limegeuzwa kuwa nomino. Vichwa vinne katika miaka 33, kitenzi kimoja. Mshairi akifanya hivi twasema amepata neno lake.

Kwa nini apende kitenzi hiki? Kwa sababu fumbo lake lote ni fumbo la kiasi. Katika galaksi yetu kuna gesi nzito ya molekuli yenye uzito wa jua kama bilioni moja. Gesi hiyo ikiachwa ianguke kwa uzito wake mwenyewe ingemalizika kuwa nyota katika miaka milioni chache, yaani jua mia kadhaa zingetokea kila mwaka. Zinazotokea ni kama mbili. Zuckerman na Evans walilionyesha hili mwaka 1974, na tangu hapo swali la fani nzima ni: nani aliyeshika breki? Jibu la 1989 lilikuwa smaku: mwanga wa nyota huvunja atomu, atomu zilizovunjika hunata katika nyuzi za smaku, na gesi isiyovunjika hulazimika kupenya polepole kati yao. Jibu la 2005 lilikuwa msukosuko: mawingu yachafuka kwa kasi inayopita ya sauti, na katika kila kipindi cha anguko ni sehemu kama 1 tu katika 100 inayobanwa vya kutosha ikashindwa kujizuia isianguke.

Hapa sarufi yetu yasaidia kuliko nilivyotegemea. Kihusishi cha Kiingereza kilichomo katika vichwa hivi hukubali mtendaji na hali pia. Kiswahili kina viwili. Mtu hupigwa na radi, nyumba huchukuliwa na maji, lakini nyama hukatwa kwa kisu. Nguvu za asili zitendazo zenyewe hupewa na, hata kama hazina nia. Chombo au hali hupewa kwa. Tujaribu basi kuvitafsiri vichwa vya McKee. Gesi iliyowekewa kiasi na supanova: sentensi yakubali mara moja, maana supanova ni ya jamii ya radi. Kutokea kwa nyota kulikowekewa kiasi na mwanga: yakubali pia. Lakini «na msukosuko» yakwaruza sikio. Msukosuko si kitu kitendacho. Ni hali ya kitu kilichosukwasukwa. Twataka kusema «kwa msukosuko», na tukisha kusema hivyo twalazimika kuuliza swali ambalo Kiingereza kimetusitiri lisiulizwe: ni nani basi asukasukaye?

Nani kweli? Si swali la mwanasarufi mchokozi tu. Hesabu za mwisho wa miaka ya 1990, za Mac Low na za Stone, Ostriker na Gammie, zilikwisha kuonyesha kwamba msukosuko katika mawingu hutulia upesi sana, katika muda wa gesi kukata wingu mara moja hivi. Usipochochewa hufa. Makala ya 2005 yauchukua msukosuko kama kitu kilichokwisha kuwapo, yaupima nguvu, na kutoa kutoka kwake kiwango cha nyota kinachokubaliana vizuri na vipimo vya galaksi nyingi, tulivu na zenye ghasia. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ni jibu la «kwa», si jibu la «na», na kichwa cha makala kimelivika vazi la «na».

Ndiyo maana nayapa makala ya 2010 daraja kubwa kuliko yalivyopewa na sifa zake za kawaida. Humo waandishi wauliza tena kwa namna ya 1977: gesi ya galaksi ina uzito unaoibana, ili isikae bapa kabisa lazima iwe na msukumo wa kuukabili uzito huo, msukumo wataka joto, na joto laletwa na mwanga wa nyota changa. Nyota zikiwa chache mno, gesi hupoa, hujikunja, hutoa nyota zaidi. Zikiwa nyingi mno, gesi hupata joto, hutanuka, na nyota hupungua. Kila mpishi amekwisha kuona mambo haya. Chungu kilichojaa kikiwekwa juu ya mafiga, moto ukizidi hufurika, maji hudondokea kuni, moto hufifia, chungu hutulia. Hakuna aliyekidhibiti. Ndiyo sababu silikubali neno «kudhibiti» ambalo naliona likitumiwa mahali hapa: kudhibiti kwataka mkono ushikao, na hapa hakuna mkono. Kiswahili kina kirejeshi tayari, nacho chafaa kuliko istilahi yoyote ya kuundwa: gesi hujiwekea kiasi.

Limebaki neno la kutokea kwenyewe kwa nyota. Kiingereza cha fani hii husema nyota «huundwa», na kikitaka kupendeza, «huzaliwa». Magazeti yetu yamelichukua la pili. Silipendi. Kuzaliwa ni kitendwa cha kuzaa, na msikilizaji wetu ana haki ya kuuliza, kazaliwa na nani? Tukijibu «na wingu» tumempa mama asiyefanana na mama yeyote: anayeporomoka juu ya nafsi yake, anayetoa sehemu ndogo tu ya mwili wake kuwa watoto, na ambaye watoto wake wakubwa humpasua na kumtawanya kwa joto lao kabla hajamaliza kuzaa. «Kuundwa» nako kwataka fundi. Ni kitenzi cha jahazi. Lakini tunacho kitenzi ambacho waganga na wakunga wamekitumia siku zote: kutunga. Mimba hutunga. Jipu hutunga usaha. Ni kitu kikusanyikacho ndani ya kitu kingine, polepole, kwa nguvu iliyomo humo humo, mpaka siku kijulikane. Msomaji makini atasema kwamba kutunga pia ni kazi ya mshairi na ya mwenye shanga, na kwamba «utungaji wa nyota» utachekesha. Ni kweli, ndiyo maana nashauri tubaki na kitenzi-jina na tuseme «kutunga kwa nyota», tukiiacha «utungaji» kwa wenyewe.

Kwa kipimo hiki nimeyasoma pia makala aliyoandika McKee na Jonathan Tan mwaka 2003 juu ya nyota kubwa. Wao washikilia kwamba nyota kubwa nayo hutunga kama ndogo, kutoka kiini kimoja cha gesi kilichokwisha kujitenga, ila kiini hicho ni kizito na kimejaa msukosuko. Wapinzani wao, Bonnell na Bate na wenzao, washikilia kwamba nyota changa za kundi moja huigombea gesi iliyo katikati, na iliyokaa mahali pazuri hunenepa. Kwa Kiswahili mgogoro wao ni mfupi: ya kwanza hutunga, ya pili hunyang'anya. Vipimo bado havijamaliza neno.

Muhtasari mkubwa wa 2007, wa kurasa zaidi ya 100, alioutoa na Eve Ostriker, ni kitabu cha kutafuta mambo kuliko cha kusoma, nami sina mengi ya kusema juu yake, ila kumwonya mwanafunzi kwamba akikuta «McKee na Ostriker» katika orodha ya marejeo autazame mwaka kwanza. Wa 1977 ni baba na wa 2007 ni binti yake. Mama wa Eve, Alicia Ostriker, ni mshairi, na huenda wasomaji wa kawaida wa jarida hili wakamjua yeye zaidi kuliko mume na binti.

Neno moja la mwisho juu ya istilahi zetu za asili, kwa kuwa wako wasemao hatuna. Tunacho Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima walilitazama ili kujua msimu, na ambalo wazee husema likizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kilimia ni kundi changa kwa hesabu ya mbinguni, lina umri wa miaka milioni 100 hivi, na ni mfano mzuri wa kufundishia: nyota nyingi zilizotunga pamoja katika wingu moja, na wingu lenyewe limekwisha kutawanyika. Picha za darubini huonyesha ukungu wa samawati ukizizunguka nyota zake, na walimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba hayo ni mabaki ya wingu la asili. Si kweli. Ni vumbi la wingu jingine kabisa, ambalo Kilimia kinapita ndani yake kwa wakati huu.